Gesi Haijafa, Acheni Kubomoa Matangi

Ndugu mfugaji, leo nitasema kwa ukali kidogo, tuvumiliane. Nimechoka kukuta mitambo ya bayogesi imegeuzwa mashimo ya takataka huku mama wa nyumba amerudi kununua mkaa. Ukiuliza, unaambiwa "mtambo ulikufa." Kwa ugonjwa gani? Hakuna anayejua. Moto ulikuwa unazimikazimika, basi wakaacha.

Mwezi uliopita niliitwa kwa mama mmoja wilayani Uyui. "Bwana mifugo, inawaka kidogo, inarukaruka, inazima. Fundi kasema tangi limepasuka, anataka laki tatu alifungue." Nikamwomba kwanza anioneshe koki ya kutolea maji. Hakuijua. Tuliikuta imefukiwa na mchanga karibu na ukuta wa jikoni. Tulipoifungua yakatoka maji jagi zima. Tukafunga, tukawasha, moto wa bluu ukatulia, chai ikachemka. Laki tatu ikabaki kwenye pindo la kanga.

Gesi hutoka kwenye tangi ikiwa na mvuke. Ikipoa bomani mwa bomba, mvuke unageuka maji na kutuama pale bomba lilipo chini zaidi. Gesi inajipenyeza kwa kusukumana na maji, ndiyo maana moto unaruka. Fungua koki hiyo kila wiki mpaka maji yaishe na usikie gesi inatoka, kisha funga. Usiwe na moto karibu. Na kama bomba lako lilifukiwa lina mabonde, halina koki, fundi hakumaliza kazi. Mwite arudi.

Wewe mwenye duka, nawe nina neno na wewe. Mteja anakuambia ana bayogesi, unamuuzia jiko la gesi ya mtungi kwa kuwa ndilo lililopo. Tundu la kutolea gesi kwenye jiko hilo ni dogo mno, kwa sababu gesi ya mtungi inasukumwa kwa nguvu na ni kali zaidi. Bayogesi husukumwa kidogo tu, ikipita hapo moto unakuwa dhaifu na kuzimika. Baadaye anayelaumiwa ni ng'ombe, eti kinyesi hakina nguvu.

Sasa akina baba. Moto ukiwaka vizuri halafu ukafa kabla maharage hayajaiva, mara nyingi hapo si maji. Ni njaa. Kilo moja ya kinyesi hutoa gesi lita 40 hivi, na jiko moja hula kama lita 400 kwa saa. Kwa hiyo kilo 20 ni saa mbili za kupika. Ng'ombe wetu wanashinda machungani, samadi unayoipata zizini ni ya usiku tu, tuseme kilo tano kila mmoja. Ng'ombe wanne wanatosha ndoo hiyo, kila siku, pamoja na ndoo nyingine ya maji. Lakini naingia kwenye boma lenye ng'ombe thelathini, tangi lina njaa! Kuchota samadi mmesema ni kazi ya watoto, maji ni kazi ya mama. Siku ya mnada ng'ombe ni wa baba, asubuhi ya kubeba kinyesi ni wa mama.

Kiangazi chetu maji ni shida, hilo silibishi. Tumia mkojo wa ng'ombe au maji yaliyooshea mchele. Ya sabuni hapana, na kinyesi cha ng'ombe aliyepigwa sindano juzi hapana, vinaua vijidudu vinavyotengeneza gesi. Okota kinyesi kibichi cha juu, usikwangue zizi zima: mchanga ukiingia unazama chini, hautoki, na nafasi ya tangi inapungua mwaka hadi mwaka.

Ukihisi gesi inavuja, paka povu la sabuni kwenye maungio uangalie mapovu. Usitafute kwa kiberiti. Na mtu akikuambia ataingia ndani ya tangi kuzibua, mkatalie hata kama ni bure. Mle hamna hewa ya kuvuta, mtu anaanguka mara moja, na anayeshuka kumwokoa anaanguka juu yake.