Kasuku Mdogo Ni Mfugo, Si Pambo la Nyumba

Najua wako wasomaji watakaouliza, "Je, gazeti la wakulima limeishiwa na habari za ng'ombe na mahindi, hata likaanza kusema habari za ndege wa tunduni?" Swali hilo ni la haki. Ndege huyu hatoi maziwa, mayai yake hayauzwi sokoni, wala hatavuta plau. Lakini watoto wetu wanamtaka, na sisi wazazi tunamnunua, mjini na shambani. Nami nasema kwamba kiumbe yeyote aliyefungiwa na mtu, asiyeweza tena kujitafutia chakula, huyo ni mfugo. Na mwenye nyumba ni mfugaji wake, apende asipende.

Ninayemsema ni yule kasuku mdogo wa rangi ya kijani, manjano au samawati, ambaye kwa jina la kigeni huitwa baji. Asili yake ni nchi kavu za katikati ya Australia. Bwana John Gould, mtaalamu wa ndege, aliwaleta Uingereza wakiwa hai mwaka 1840, na tangu hapo wamezalishwa matunduni mpaka wameenea duniani kote. Kwa hiyo baji anayeuzwa kwetu ni mtoto wa tunduni, na wazazi wake vivyo hivyo. Usimfananishe na kasuku wa kijivu wa misitu ya Afrika, ambaye hukamatwa porini na kuuzwa kwa siri. Huyo haifai kabisa kumnunua kwa mtu wa njiani.

Sasa nieleze kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Miaka kadhaa iliyopita nilimletea binti yangu baji mmoja. Muuzaji alinipa tundu la duara na kikombe cha mbegu, akaniambia kwamba kazi ni kujaza kikombe na kubadili maji, basi. Tukafanya hivyo. Kila asubuhi mtoto alichungulia, akasema, "Baba, bado kimejaa." Nami nilitupa jicho kutoka mezani, nikaona kweli kimejaa. Baada ya siku chache ndege akakaa ametunisha manyoya, tukadhani anaona baridi. Kesho yake tulimkuta chini ya tundu, amekufa. Nilimwaga kile kikombe kiganjani nikapuliza, na vyote vikaruka. Yalikuwa makapi matupu.

Baji hamezi mbegu nzima kama kuku. Huimenya kwa mdomo, hula kiini, na ganda huliacha lianguke pale pale kikombeni. Makapi hulala juu, na kikombe huonekana kimejaa siku zote. Mimi nimepepeta wimbi tangu utoto. Mama alinifundisha kushika ungo kabla sijaenda shule. Kuku wangu akisimama vibaya namjua nikiwa ng'ambo ya boma. Lakini kiumbe aliyekuwa ndani ya nyumba yangu alikufa kwa njaa mbele ya chakula, kwa sababu nilimtazama kama mtu atazamavyo saa ya ukutani. Mtoto hakuwa na kosa. Alikuwa na miaka saba.

Basi, kila asubuhi puliza makapi, halafu uongeze mbegu mpya. Vijiko viwili vidogo vya chai kwa siku vyamtosha ndege mmoja. Uwele na wimbi wa shamba lako ni chakula chema, bora uwe mkavu usio na ukungu. Lakini jihadhari: usimpe kamwe mbegu za kupanda zilizobaki baada ya msimu, zile zilizotiwa dawa ya wadudu. Dawa hiyo itamwua. Tena mbegu peke yake hazitoshi, kama mahindi peke yake yasivyomtosha ng'ombe wa maziwa. Mpe mchicha, sukuma wiki au karoti iliyokunwa, vilivyooshwa vizuri. Chokaa ya mifupa ataipata katika maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa. Na watu wa pwani wanaweza kuokota ufuoni ule mfupa mweupe wa dome, wakautundika tunduni bila kulipa senti. Parachichi, au avokado kama wengi wasemavyo, ni sumu kwake. Nasema hivi kwa sababu mti huo umo katika boma nyingi, na watoto ni wakarimu.

Jambo linalowaua wengi bila mtu kujua ni hewa ya jikoni. Zamani wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walishuka shimoni na ndege aitwaye kanari, ili akianguka wajue kwamba hewa imeharibika. Desturi hiyo iliachwa mwaka 1986. Ndege mdogo huanguka kabla ya mtu. Jiko la makaa likiwaka katika chumba kilichofungwa, yeye ndiye wa kwanza kufa, na wenye nyumba wangepaswa kushtuka kwa ajili yao wenyewe pia. Na zile sufuria za kisasa zisizoshika chakula, zikisahauliwa juu ya moto mpaka zikapata joto kali, hutoa mvuke unaoweza kumwua ndege kwa dakika chache. Tundu na likae sebuleni au barazani, penye mwanga wa asubuhi, mbali na upepo na mbali na paka. Wala usilitundike juu ya banda la kuku: kideri huweza kuwapata kasuku pia.

Tundu la duara mimi silipendi. Baji huruka kwa kwenda mbele, si kwa kupanda juu kama moshi, kwa hiyo urefu wa upande ndio faida. Kwa ndege wawili, sentimita 80 ni kiasi cha chini. Fundi akikutengenezea kwa waya mpya wa kuku, usugue kwanza kwa siki na brashi, maana ndege huutafuna, na zinki iliyopakwa juu yake ni sumu. Vijiti vya kusimamia viwe vya matawi ya mpera, vingine vinene na vingine vyembamba, ili miguu isipate vidonda.

Nimesema ndege wawili, na hapa najua wauzaji wengine watanipinga, kwa kuwa huambia watu kwamba baji wa peke yake ndiye ajifunzaye kusema. Huenda akajifunza. Lakini kwao Australia ndege hawa huruka kwa makundi ya mamia na maelfu, wakifuata mvua. Kumweka mmoja peke yake kutwa nzima, watu wameenda kazini na shuleni, mimi naona ni ukatili hata kama anasema "habari ya asubuhi" kwa ufasaha. Chukua madume wawili, au dume na jike. Dume mzima kwa kawaida ana rangi ya samawati juu ya mdomo, penye pua. Jike ana rangi ya kahawia. Kama hutaki vifaranga, usiwawekee kisanduku cha kutagia.

Habari ya ugonjwa ni ngumu zaidi, kwa sababu baji huuficha. Porini ndege aonekanaye dhaifu huchukuliwa na mwewe, kwa hiyo hujikaza mpaka nguvu zimwishe. Ukimwona mchana ametunisha manyoya, au amekaa chini ya tundu, au mkia wake wapanda na kushuka kila apumuapo, usingoje kesho. Mweke mahali pa joto na kimya, umpeleke kwa daktari wa mifugo. Mizani ya jikoni yafaa sana. Baji ana uzito wa gramu 30 hadi 40 tu. Mwenye gramu 35 akipungua gramu 4, ni kama ng'ombe wa kilo 400 kupoteza zaidi ya kilo 40. Ni mkulima gani angelala usingizi? Na kama mtu wa nyumbani akipata homa na kikohozi kisichopona, amwambie daktari kwamba anafuga kasuku, maana uko ugonjwa wa ndege hawa umpatao mtu kwa vumbi la mavi yao. Dawa yake ipo, ila lazima daktari ajue la kutafuta. Lowesha mavi kabla ya kuyafagia.

Wazazi wengine husema, "Mnunulie mtoto ndege apate kujifunza kazi." Vema, lakini mtoto ajifunze akiwa na mtu mzima kando yake. Kama hakuna mtu mzima atakayetazama tundu kila siku, basi mtoto aambiwe hapana.

Binti yangu alikaa mwaka mzima bila kutaja ndege. Kisha akaomba tena, nami nikakubali kwa sharti kwamba kazi ya kikombe ni yangu. Sasa wako wawili barazani, wa kijani na wa samawati. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kukama, natoa kikombe nje na kupuliza.