Usimfukuze mhudumu kwa sababu ya saa kwenye rekodi

Siku hizi mwenye duka la kutuma na kutoa pesa, awe Likoni, Kisauni au Changamwe, anaweza kukaa nyumbani akaona akaunti ya duka ilifunguliwa saa ngapi na ikafungwa saa ngapi. Ni jambo zuri. Kinachotusumbua ni kwamba rekodi hizo zinasomwa kama hukumu.

Chukua mfano. Rekodi inaonyesha 04:10. Tajiri anaona ni alfajiri, saa kumi na dakika kumi, na floti imepungua. Mhudumu anaitwa mwizi kabla hajanywa chai. Kumbe mitambo mingi huandika muda kwa UTC, saa ya kimataifa, na Kenya iko mbele yake kwa saa tatu. Hiyo 04:10 ni saa moja na dakika kumi asubuhi, wakati watu wanamiminika kwenye feri na duka ndio linafunguliwa. (Wako pia wanaoisoma kuwa ni saa nne. Hao tuwaache.)

Rekodi ya kutoka ndiyo inayopotosha zaidi. Huandikwa mtu akibonyeza kitufe cha kutoka, au mtambo ukichoka kungoja ukamtoa wenyewe. Stima ikipotea au simu ikiisha chaji, huenda isiandikwe kabisa. Kwa hivyo "aliingia asubuhi, hakutoka mpaka usiku" haimaanishi mtu alikaa kwenye akaunti kutwa nzima. Kukata mshahara kwa hesabu hiyo ni dhuluma, tunasema wazi. Na ukiona imeandikwa Nairobi ilhali duka liko Likoni, usishtuke: mara nyingi hapo ni pale intaneti ya simu inapopitia.

Halafu, rekodi inataja akaunti, haitaji mtu. Wahudumu watatu, namba ya siri moja iliyoandikwa nyuma ya daftari, hapo utamshika nani? Kila mmoja awe na akaunti yake. Tunajua ni usumbufu kwa duka dogo, ambapo mmoja humshikia mwenzake akienda kuswali. Bado ni rahisi kuliko kesi ya wizi.

Cha kukutia wasiwasi ni hiki: majaribio kadhaa ya kuingia yaliyokataliwa, kisha moja likakubaliwa kwenye simu usiyoijua, huku laini yako imepoteza mtandao. Huenda laini imehamishwa. Usingoje kesho, tupigie hapo hapo kwa simu nyingine.

Mhudumu naye asinyamaze. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuona data zake. Aombe rekodi ya akaunti yake pamoja na orodha ya miamala, azilinganishe. Kama aliingia na hakuna muamala uliofanyika, basi si hapo floti ilipopungulia. Nasi tukiombwa, tunapaswa kutoa zote mbili, na kueleza muda umeandikwa kwa saa ya wapi.