Mchango wetu hauondoi deni la mwalimu

Jumapili moja, baada ya Misa, tulipitisha kikapu kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa sadaka ya kawaida. Mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya mwalimu mmoja mzee wa hapa Pangi, aliyehitaji nauli ya pikipiki hadi Kindu ili akafuatilie faili lake la kustaafu. Tulitoa tulichokuwa nacho. Mama mmoja, ambaye mzee huyo ndiye aliyemfundisha kusoma na kuandika, alileta mchele kwa kuwa hakuwa na faranga. Baba mwalimu alisimama, akashukuru kwa sauti ndogo, kisha akasema neno ambalo halijatutoka hadi leo: kwamba hakuja kuomba, amekuja kukopa, kwa sababu mali yake iko mikononi mwa mwingine.

Tulirudi nyumbani tukiwa na haya kidogo. Tulikuwa tumejiona watu wema.

Shauri la mzee huyu si gumu kulielewa. Aliingia kazini akiwa na diploma ya Dola, yaani D6. Baada ya miaka kadhaa alikwenda kusoma katika ISP ya Kindu, akila muhogo wa kuhesabu na kulala kwa jamaa, akapata cheti cha G3. Alirudi, akafundisha sekondari kwa cheo hicho kipya, na kila mtu alimjua hivyo: prefe wa masomo, wakaguzi, wazazi na wanafunzi. Lakini katika orodha ya malipo aliendelea kuwa D6. Aliandika barua mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na nakala zote zina mhuri wa kupokelewa. Siku alipopewa karatasi ya kustaafu, hesabu yake ilifanywa kwa ngazi ile ya chini, na baadhi ya miaka aliyofundisha haikuonekana kabisa.

Katika nchi ya Balega wazee wetu walijua vyema maana ya cheo. Ndani ya Bwami, mtu aliyefika yananio hakuitwa tena kwa ngazi aliyoiacha nyuma, na aliyefika kindi alikuwa na alama zake ambazo kila mtu alizitambua. Hatuandiki hivi ili tuwarudishe wasomaji wetu huko. Tunasema tu kwamba jambo la kumwita mtu kwa cheo alichokwisha kukipita lingewashangaza mababu zetu, nao hawakuwa na kompyuta wala mihuri.

Wako watakaosema kwamba tofauti kati ya ngazi mbili ni faranga chache kwa mwezi. Hebu tuhesabu pamoja. Faranga hizo chache zilipotea kila mwezi kwa miaka mingi ya kazi, na sasa zinapotea tena, kwa maana malipo ya uzeeni hutegemea mshahara na miaka ya utumishi. Kosa la karani mmoja, lililoandikwa labda asubuhi moja ya mvua, linamfuata mtu hadi kaburini, kisha linamfuata mjane wake.

Na ile miaka isiyoonekana? Ni nani kati yetu asiyeikumbuka? Mwezi wa Oktoba 1998 Kindu iliangukia mikononi mwa waasi, na kwa miaka ya vita mishahara kutoka Kinshasa haikufika kwetu. Shule nyingi hazikufungwa. Wazazi walimlipa mwalimu kwa mchele, kwa mafuta ya mawese, kwa siku moja ya kumlimia shamba. Hata kabla ya hapo, tangu mapema katika miaka ya 1990, wakati Dola ilipokuwa imeacha kuwalipa walimu inavyostahili, ni wazazi waliobeba mzigo huo, na maaskofu wetu waliukubali mpango huo ili watoto wasipoteze masomo. Kwa hiyo miaka ile ina mashahidi, nao ni sisi. Anayesema mwalimu hakufanya kazi wakati huo atueleze sisi tuliosoma wakati huo tulifundishwa na nani.

Sheria haikukosekana. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya watumishi wa Dola inataja kustaafu kwa umri wa miaka 65 au kwa miaka 35 ya kazi. Mfuko wa CNSSAP uliundwa mwishoni mwa mwaka 2015, na sheria ya mwaka 2022 ikaweka utaratibu wa kuwahifadhi watumishi hao uzeeni. Tunayapokea mambo haya kwa furaha. Ila mfuko mpya husoma kile kilichoandikwa katika orodha ya zamani, na kama orodha inasema D6, mfuko utasema D6.

Wala ahadi hazikukosekana. Mwezi wa Februari 2004, huko Mbudi, Kinshasa, Serikali na vyama vya wafanyakazi wa Dola walitia saini ngazi ya mishahara ambayo mtumishi wa chini kabisa angepata dola 208 kwa mwezi. Walimu wa Pangi waliisikia habari hiyo redioni. Wengine walikopa kwa kuitegemea. Ngazi ya Mbudi haikutekelezwa kama ilivyosainiwa, na vijana walioanza kufundisha mwaka ule sasa wana mvi.

Je, shauri la namna hii linaweza kushinda? Tutazame upande wa Kenya. Mwaka 1997, baada ya mgomo, Serikali ya huko ilipatana na chama cha walimu, KNUT, juu ya nyongeza kubwa ya mishahara ambayo ingelipwa kwa awamu. Awamu ya kwanza ililipwa, zilizobaki zikazuiwa, na walimu wakagoma tena mwaka 1998. Waliostaafu katika miaka iliyofuata walihesabiwa pensheni kwa mshahara wa zamani, kana kwamba mapatano hayakuwapo. Hao walikuwa zaidi ya 50,000. Wachache kati yao walikwenda mahakamani kwa niaba ya wote, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Nakuru iliamua kwamba walikuwa na haki. Mapatano yao yalikuwa yamechapishwa katika gazeti rasmi la Serikali. Waraka huo ndio ulioibeba kesi.

Lakini tusiwadanganye wasomaji wetu. Baada ya hukumu hiyo zilikuja rufaa, kisha kungoja, kisha maneno juu ya bajeti, na wazee wengi walikufa wakiwa na hukumu mkononi bila fedha. Walioshinda walishinda kwa kuwa walikuwa wengi na walikuwa na karatasi. Mwalimu wetu ana karatasi, lakini yuko peke yake juu ya pikipiki.

Hapa ndipo tunapotaka kusema jambo ambalo huenda halitawapendeza wote. Tangu mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 kati ya Dola na Makanisa, shule za Kikatoliki ni za Dola kwa malipo na za Kanisa kwa usimamizi. Barua za kuwaweka walimu kazini, za kuwahamisha na za kuwapandisha zilipita katika mikono ya Kanisa. Nakala zake, zile ambazo vita na mchwa havikuzimaliza, zimo katika makabati ya shule na ya parokia. Hatuwezi basi kusema kwamba hili ni shauri kati ya mzee na Serikali. Sisi ni mashahidi katika kesi hii, na shahidi anayekaa kimya huku akichangia nauli bado ni shahidi anayekaa kimya. Mtume Yakobo alipowakemea matajiri juu ya ujira wa wavunaji, hakuwataka wawape wavunaji zawadi.

Iko pia haraka ya kisheria. Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 haiwahusu watumishi wa kudumu wa Dola, na wazee kadhaa wamepoteza miezi kwa kubisha kwenye mlango usio wao. Njia ni kuiandikia kwanza ofisi iliyotoa uamuzi, kwa maandishi yenye ushahidi wa kupokelewa, na isiporekebisha, kwenda mbele ya mahakama za utawala zilizopangwa na sheria ya tarehe 15 Oktoba 2016. Kila hatua ina muda wake, na muda ukipita, haki yenyewe haisikilizwi tena. Mzee wa miaka 70 asiye na wakili ataujuaje muda huo? Hata sisi tulilazimika kumwuliza mwanasheria.

Tunajua jibu litakalotolewa: Dola haina fedha, na elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2019, imeongeza mzigo. Tunaipenda elimu hiyo ya bure. Watoto wetu wamo ndani yake. Lakini haikuwa ya bure kwa mwalimu huyu, aliyeilipia kwa miaka yake.

Tulikutana tena Alhamisi iliyofuata. Ndugu wawili wamekubali kufungua makabati ya parokia, na mama yule wa mchele amekubali kuandika, kwa mkono aliofundishwa na mzee, kwamba alikuwa mwanafunzi wake katika mwaka ambao orodha inasema hakufundisha. Walimu wengine wanne wastaafu wa teritware yetu wamejitokeza wakiwa na mafaili yanayofanana na lile la kwanza. Safari ya Kindu itakuwa baada ya mvua kupungua. Watakwenda watano, pamoja na wawili wetu, na sanduku la karatasi litafunikwa kwa turubai.