Bomba Lililokauka Bado Lahesabiwa

Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka kipimo chema kwa vijiji: lita 25 kwa kila mtu kwa siku, kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250, umbali usiozidi mita 400. Kasoro iliingia katika kuhesabu. Ilitosha kuzidisha vituo vilivyojengwa kwa 250, na kijiji kikaandikwa kuwa kimehudumiwa, hata kama pampu yake ilikwisha kufa. Vituo vilipotembelewa kimoja kimoja nchi nzima, mwanzoni mwa miaka ya 2010, zaidi ya thuluthi moja vilikutwa havitoi maji. Mama aliyepita hapo alfajiri na ndoo tupu alikuwa, kwa mujibu wa daftari, amekwisha kunywa.

(Juu ya vyoo nisiseme mengi: kipo kile kijengwacho kwa kumwogopa bwana afya, kisha kikawa banda la kuku.)

Tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yamo mikononi mwa RUWASA na vyombo vya watumia maji. Basi, katika mkutano wa kijiji, tusiulize tu vituo vingapi vimejengwa. Tuulize vingapi vilitoa maji mwezi Oktoba.