Alizaliwa Hivyo, au Kajitakia?

Jumamosi moja tulikaa watu saba karibu na Nyerere Square hapa Dodoma, kahawa na kashata mezani, tukijadili Rosa Mistika. Riwaya yenyewe mnaijua. Euphrase Kezilahabi aliitoa mwaka 1971, ikawahi kupigwa marufuku mashuleni, baadaye ikaruhusiwa, na hadi leo watu wanagombana juu yake. Mjadala ulikuwa mtamu mpaka tulipofika kwa Zakaria, baba yake Rosa, yule mlevi anayekunywa pesa za familia huku akimpiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana.

"Zakaria mwoneeni huruma," akasema dada mmoja ambaye ni muuguzi. "Ulevi wa namna ile ni ugonjwa."

Tukakubali. Mtu akauliza, na Rosa je? Binti aliyelelewa kwa fimbo, akapelekwa shule ya bweni, akafika huko akakosa breki? Kaka mmoja akacheka. "Rosa kajitakia bwana. Ni kama hawa mashoga. Watakwambia wamezaliwa hivyo, kumbe ni tabia tu."

Watu wakacheka kidogo, mazungumzo yakahamia kwingine. Mimi nilinyamaza. Nina binamu aliyetumia unga kwa miaka sita. Nina pia rafiki niliyesoma naye chuo, mwanamume anayependa wanaume, ambaye ameniamini na siri hiyo tangu mwaka wa pili. Nilikuwa na la kusema juu ya wote wawili, nikalimeza pamoja na kahawa. Haya ndiyo niliyopaswa kusema siku ile.

Kwanza, tazameni tulichofanya kwa dakika tano. Mlevi tukampa ugonjwa. Binti tukampa hiari. Shoga naye tukampa hiari. Hakuna aliyeleta ushahidi wowote. Tulikuwa tunagawa huruma tu, halafu tunaivika koti la sayansi. Tunayemwonea huruma "kazaliwa hivyo", tusiyemtaka "kajitakia".

Na lile neno "tabia" halikutusaidia. Tumelitoa kwenye Kiarabu, ambako linahusu maumbile, asili ya kitu. Ndiyo maana mpaka leo tunasema tabia ya nchi tukimaanisha mvua na jua, mambo ambayo nchi haikuyachagua. Lakini mwalimu akiandika kwenye ripoti "tabia mbaya", anamaanisha mtoto anaweza kuacha akitaka. Wahenga nao hawakuafikiana: wapo waliosema mazoea hujenga tabia, wapo waliosema tabia ni ngozi. Kwa hiyo anayesema "ni tabia tu" hajajibu swali. Amelirudia kwa sauti kubwa zaidi.

Tuanze na teja, kwa kuwa yeye tunadhani tumeshamwelewa. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba takriban nusu ya tofauti kati ya watu katika hatari ya kuwa mraibu inatokana na urithi. Nusu. Kwa hiyo anayesema "ni damu" ana ukweli, na anayesema "siyo damu tu" naye ana ukweli. Sasa sikilizeni kisa cha askari wa Marekani waliopigana Vietnam. Miaka ya 1970 mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliporudi nyumbani. Askari wa kawaida karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu wa heroini akiwa vitani. Waliporudi, katika mwaka wa kwanza, ni kama asilimia 5 tu ya waraibu hao waliorudia uraibu. Ubongo ni ule ule, mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni mahali, watu waliomzunguka na sababu ya kuamka asubuhi.

Binamu yangu alianza na kokteli, bangi iliyochanganywa na unga, akiwa na miaka 19. Ukiniuliza kama alichagua, nitakujibu: kokteli ya kwanza alichagua. Arosto hakuichagua. Hakuchagua kutapika, kutetemeka na kuuza viatu vya mama yake. Mengine yote yanakaa katikati, na hapo katikati ndipo watu wanapoishi.

Nchi yetu imelielewa hili, walau nusu. Februari 2011 Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, na leo hapa Dodoma tuna kituo cha Itega, chini ya Hospitali ya Mirembe. Mgonjwa anafika, anapewa dozi yake, anakunywa mbele ya mhudumu, anaondoka kwenda kutafuta riziki. Dirishani pale hakuna anayedai kwanza athibitishe kwamba alizaliwa hivyo. Wanamuuliza anaendeleaje. Kwangu mimi hilo ni swali la kistaarabu kuliko yote tuliyouliza kwenye kashata zetu.

Sasa tuje kwa rafiki yangu. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia taarifa za watu karibu laki tano, wengi wao wa Uingereza na Marekani. Matokeo yake yalimkera kila mtu. Hakuna jeni moja ya ushoga. Zipo nyingi, kila moja na mchango mdogo, na hata ukizijumlisha huwezi kumpima mtoto ukatabiri atampenda nani. Waliotaka kusikia "ni jeni" wakanuna. Waliotaka kusikia "ni kuiga" nao hawakupata kitu, kwa sababu urithi upo ndani yake. Kutokuwepo kwa jeni moja hakufanyi kitu kuwa cha hiari. Hakuna jeni moja ya urefu pia, na sijaona mtu aliyechagua kuwa mfupi.

Rafiki yangu mwenyewe huniambia hakumbuki siku ya kuamua. Na wewe msomaji, hebu jaribu kuikumbuka yako. Siku gani ulikaa kitako ukaamua nani atakutetemesha moyo? Unachoweza kuamua ni utakachofanya: kusema au kukaa kimya, kuoa kwa kulazimishwa au kukataa, kubaki au kuhama.

Lakini nina kesi na swali lenyewe, na kesi hiyo tuliiona kwa jirani. Desemba 2013 Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa kupinga ushoga. Rais Museveni akasita kutia saini, akasema anataka wanasayansi wamwambie: watu hawa wanazaliwa hivyo au wanajifunza? Kamati ikaundwa chini ya Wizara ya Afya. Ikarudi na majibu kwamba hakuna jeni moja inayojulikana, kwamba ushoga si ugonjwa, na kwamba mazingira pia yana mchango. Chama tawala kikachukua sentensi iliyokifaa. Tarehe 24 Februari 2014 sheria ikasainiwa, na baadhi ya wanasayansi wakalalamika kwamba ripoti yao imepotoshwa. Mahakama ikaifuta Agosti mwaka huo huo kwa sababu akidi ya wabunge haikutimia, siyo kwa sababu ya sayansi. Mwaka 2023 ikaja nyingine kali zaidi, yenye hukumu ya kifo kwa baadhi ya makosa.

Tujiulize kwa uaminifu: kama wale wanasayansi wangeandika "ndiyo, wanazaliwa hivyo", kalamu ingewekwa chini? Sidhani. Aliyetaka kuwafunga angesema basi wana kasoro, wadhibitiwe. Historia inayo mifano ya walioitwa wagonjwa wa kuzaliwa na wakaumizwa kwa jina la tiba. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliuondoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990 tu. Hukumu ilikuwa tayari mfukoni. Swali la kuzaliwa au kuchagua lilitafutwa ili liibebe.

Na hapa kwetu? Februari 2017 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo alisoma hadharani majina ya watu waliotuhumiwa kuhusika na dawa za kulevya. Mwishoni mwa Oktoba 2018 mkuu huyo huyo akatangaza kikosi cha kuwasaka mashoga, wananchi wakaombwa kupeleka majina. Serikali ikajitenga naye Novemba 4, ikisema yale ni maoni yake binafsi. Mimi ni mwandishi wa habari na nilizisikia orodha zote mbili. Kwenye zote, baolojia haikutajwa. Majina tu. Rafiki yangu alizima simu wiki mbili.

Najua kuna msomaji anayesema: "Sasa wewe unataka kutuambia kila aliyezaliwa na kitu aachwe? Na mwenye hasira za kuzaliwa aachwe apige watu?" Hapana, na hapo ndipo tunakubaliana. Kuzaliwa na kitu hakukihalalishi. Lakini geuza upande wa pili wa shilingi: kuchagua kitu nako hakukifanyi kuwa kosa. Dini ni hiari. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa dini, pamoja na uhuru wa kuibadilisha. Hakuna anayemwambia aliyebadili dini alete cheti cha jeni ndipo aachwe asali. Tunalinda hiari yake kwa sababu ni yake na haimuumizi jirani.

Kwa hiyo kipimo ni madhara na ridhaa. Teja anaumia, na nyumba yake inaumia. Hilo ndilo linalotupa wajibu wa kumtibu, liwe limetoka kwenye damu au kwenye kijiwe. Watu wazima wawili walioridhiana, mlango umefungwa, wamemuumiza nani? Wala rafiki yangu hahitaji dozi ya dirishani, na ndiyo maana kumweka kapu moja na teja, kama tulivyofanya siku ile, ni kumkosea. Mmoja ana ugonjwa, mwingine ana mpenzi.

"Na watoto?" Anayemwingilia mtoto ni mbakaji, na sitaki kusikia habari za maumbile yake. Lakini sisi waandishi tuna dhambi hapa. Tunaandika "kulawiti" kwa aliyembaka mtoto na kwa watu wazima walioridhiana, neno moja, halafu tunashangaa msomaji akiwaona ni kitu kimoja. Sheria ndiyo iliyotufundisha. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, urithi wa Mwingereza, kinaliita kosa hilo kwenda kinyume na maumbile, na adhabu ni kuanzia miaka 30 hadi maisha. Angalieni kejeli yake: mahakamani rafiki yangu anakwenda kinyume na maumbile, mezani kwetu hana maumbile, ana tabia. Anashindwa kote kote.

Mnauliza fasihi inaingia wapi. Januari 18, 2014, wiki tano kabla ya ile saini ya Uganda, Binyavanga Wainaina wa Kenya alichapisha insha aliyomwelekezea mama yake marehemu, akimwambia kile ambacho hakuwahi kumwambia akiwa hai. Anasema alijijua tangu akiwa na miaka mitano. Hakuleta jeni wala daktari. Alileta kitanda cha mama hospitalini na mtoto wa kiume asiyeweza kufungua mdomo. Binyavanga alifariki Mei 2019, na mpaka leo sijasoma hoja inayoishinda ile picha, kwa sababu picha ile haibishani juu ya chanzo. Inakuonyesha mtu, basi.

Kezilahabi naye alijua. Mwishoni mwa Rosa Mistika anawasimamisha baba na binti mbele ya hukumu ya Mungu, kila mmoja na malalamiko yake juu ya mwenzake. Sisi saba tulisoma kurasa mia na zaidi za fimbo, pombe, upweke na tamaa vikisukana ndani ya nyumba moja, halafu tukafunga kitabu na kusema mmoja mgonjwa, mwingine kajitakia. Tulikisoma kweli?

Rafiki yangu hayupo Dodoma tena. Hakufukuzwa na mtu, alichoka tu na meza kama ile yetu, na watu kama mimi wanaojua na kunyamaza. Binamu yangu amemaliza dozi zake na sasa anauza mitumba Sabasaba. Mmoja tulimuuliza anaendeleaje, mwingine hatukumuuliza.

Tunakutana tena mwisho wa mwezi, kitabu kingine, kahawa ile ile. Nitakwenda. Nikilisikia tena lile neno, nitamwambia yule kaka: haya, tuseme kajitakia. Halafu?