Acheni Kuzindua Tovuti

Ilikuwa mwezi wa Aprili, saa mbili asubuhi, ofisi ndiyo kwanza imefunguliwa. Alikuja dirishani kwetu mwanamke wa Uvira, bado amevaa sare ya zamu ya usiku kutoka nyumba ya kutunzia wazee. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki: matokeo ya anatomia na fiziolojia, matokeo ya mtihani wa kuingia uuguzi, barua mbili za wadhamini. Alisoma jina langu kwenye kitambulisho, akanisalimia kwa Kiswahili.

"Kaka, nimeleta mapema. Mwisho si tarehe 15 Mei?"

Mwisho ulikuwa tarehe 1 Februari. Ulikuwa umebadilishwa vuli iliyotangulia. Pale chuoni, programu ya uuguzi inapokea wanafunzi mara moja tu kwa mwaka. Aliyechelewa siku moja na aliyechelewa miezi miwili na nusu adhabu yao ni moja: subiri mwaka mzima.

Nikamwambia, "Dada, wameshafunga."

Hakupiga kelele. Alitoa simu akanionyesha. Ukurasa wa idara ya uuguzi, nembo ya chuo juu, na chini yake, kwa herufi nene, tarehe 15 Mei.

"Si ni nyie mmeandika?"

Ni sisi. Na tuseme ukweli wote: ni mimi. Tovuti mpya ya idara ile niliijenga mimi. Ukurasa aliousoma yeye ulikuwa wa tovuti ya zamani, ambayo niliiacha kwenye seva ikiwa hai.

Kwa msomaji aliye Dar es Salaam au Nairobi, nieleze kidogo mahali hapa ni wapi. Chuo cha jamii, hapa Marekani, ni chuo cha umma cha miaka miwili kinachompokea karibu kila mtu mwenye cheti cha sekondari au kinacholingana nacho. Kile cha Joliet, Illinois, kilianza mwaka 1901. Jina lenyewe lilienea baada ya tume iliyoundwa na Rais Truman kutaka, mwaka 1947, elimu ya juu isogezwe karibu na watu. Leo vipo takriban 1,000, na ada kwa mkazi wa eneo ni wastani wa karibu dola 4,000 kwa mwaka. Ndiyo maana huku ndiko wanakokutana mama aliyerudi shule akiwa na watoto watatu, askari aliyemaliza mkataba, kijana wa kwanza katika ukoo wake kukanyaga chuo, na mkimbizi aliyekulia kambi ya Nyarugusu. Hawa hawana shangazi daktari wa kumpigia simu na kuuliza mambo yanakwendaje. Shangazi yao ni tovuti.

Sasa ngoja niwaambie shangazi huyu anavyotunzwa.

Nilikuwa mwanafunzi pale pale, nikifanya kazi ofisini saa 20 kwa wiki: kupokea simu, kutoa fotokopi, na "kuangalia tovuti". Mwaka mmoja idara ikapata fedha za mara moja za kuboresha sura yake mtandaoni. Nikajenga kwa miezi minne. Juu kabisa niliweka picha kubwa zinazopishana zenyewe: muuguzi anatabasamu, kisha darubini, kisha muuguzi mwingine anatabasamu. Siku ya uzinduzi kulikuwa na keki yenye nembo ya chuo. Mkuu wa kitivo alibofya kitufe mbele ya watu, tukapiga makofi. Kesho yake mradi ukafungwa, na kifungu chake cha fedha kikafungwa nao.

Zikabaki kurasa za zamani, zaidi ya 200, ndani ya folda yao. Nilipaswa kuzifuta, au kuweka agizo kwenye seva ili kila anwani ya zamani impeleke msomaji kwenye anwani mpya. Nilikadiria kazi ya siku tatu, nikaomba saa za ziada, nikaambiwa fedha zimekwisha. Sikuuliza tena. Tarehe ya kupokea maombi ilipobadilika, niliiandika kwenye ukurasa mpya siku ile ile nilipoambiwa, nikajiona nimemaliza. Lakini Google haikualikwa kwenye keki. Iliendelea kuwapeleka watu kwenye ukurasa wa zamani, ule ambao kurasa nyingine nyingi zilikuwa zimeuelekezea viungo kwa miaka mingi.

Ndiyo sababu nasema bila kuzunguka: acheni kuzindua tovuti. Mnachokizindua ni picha. Kazi ya tovuti ya idara inaanza siku ambayo keki imeisha, na siku hiyo hakuna anayelipwa.

Nyumbani tunaujua ugonjwa huu. Kisima kinazinduliwa, utepe unakatwa, mgeni rasmi anakunywa maji ya kwanza huku kamera zinamtazama. Miaka miwili baadaye kipande cha mpira ndani ya pampu kinakatika, na hakuna aliyewahi kuandika popote nani atakinunua. Akina mama wanarudi mtoni na ndoo zao. Tumezoea kuamini huo ni ugonjwa wa umaskini, kwamba wenye fedha walishapona. Hawajapona. Wao wanakata utepe kwa kipanya cha kompyuta, basi.

Wanaotetea hali hii huchanganya vitu viwili. Ukurasa wa mbele wa chuo ni tangazo, unamwita mtu ambaye hajafika. Ukurasa wa idara ni dirisha la ofisi, unamhudumia mtu aliyekwisha kuingia na anahangaika asikwame. Pale ndipo anapotafuta masomo ya lazima kabla ya kuomba nafasi, gharama za sare na chanjo, saa ambazo mwalimu yuko ofisini, na kozi zipi chuo kikuu kitazikubali atakapohamia huko. Mstari mmoja ukikosewa, mtu anasoma kozi isiyomfaa. Ruzuku ya serikali inayoitwa Pell, ambayo ndiyo inayowasomesha wengi wao, ina ukomo: jumla yake haizidi mihula 12 ya masomo kamili katika maisha yote. Muhula uliopotezwa na ukurasa mbovu haurudishwi.

Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew kilitangaza kwamba kati ya kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka 2013, asilimia 38 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Watu walishtuka. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, alikuwa ameonya tangu 1998 kwamba anwani nzuri ya ukurasa haibadiliki, na inapobadilika kuna mtu aliyezembea. Nakubaliana naye. Lakini ukurasa uliopotea una uaminifu wake: unakwambia haupo, nawe unakwenda kuuliza kwingine. Ninaouogopa mimi ni ule uliokufa na bado unaongea. Una nembo, una herufi nene, na unakupa tarehe.

Nimeshasikia majibu yote. La kwanza: wanafunzi wakamwone mshauri wa masomo. Mshauri anafungua ofisi saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi na moja jioni. Mtu wa zamu ya usiku ndiyo saa anazolala, kama watoto wamemruhusu. Na akifika kwa mshauri, mshauri naye anaingia Google. Nimemwona kwa macho yangu akifungua ukurasa ule ule wa zamani.

La pili: vijana wa leo wamezaliwa na simu mkononi, watatafuta wenyewe. Yule dada alitafuta. Alitafuta, akapata, akaandika kwenye daftari, akapanga maisha yake kwa tarehe tuliyompa. Bidii ya kutafuta haimsaidii mtu anapookota jibu lililooza.

La tatu lina uzito, na silipuuzi: walimu hawana muda. Ni kweli. Mwalimu wa kudumu wa chuo cha jamii kwa kawaida anabeba kozi tano kwa muhula, na zaidi ya nusu ya walimu wa vyuo hivi ni wa muda tu, wanaolipwa kwa kozi. Ukimtupia mmoja wao nenosiri na kumwambia "wewe ndiye wa tovuti", hujagawa kazi, umeificha. Ila hoja hiyo inanisaidia mimi. Kama hakuna mwenye muda, basi muda ununuliwe, kama mnavyonunua umeme na dawa ya kusafishia sakafu. Hakuna chuo kinachozindua vyoo kisha kikasubiri mwalimu wa hisabati ajitolee kuviosha.

La nne: basi kurasa zote zikabidhiwe ofisi ya mawasiliano. Nimefanya nao kazi. Wanajua rangi ya nembo hadi tarakimu yake ya mwisho, lakini hawajui lini idara ilibadilisha kozi ya lazima, na hakuna anayewaambia. Kubadilisha neno moja kulihitaji fomu, na fomu ile ilinichukua wiki tatu. Ofisi ya mawasiliano imiliki fremu. Ukweli uliomo ndani umilikiwe na idara, kwa sababu idara ndiyo inayoujua.

Na kuna sheria. Mwaka 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani, chini ya sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya 1990, ilitoa kanuni inayotaka tovuti za taasisi za umma za majimbo na serikali za mitaa, vyuo vya jamii vikiwemo, zifikie kiwango kinachoitwa WCAG 2.1, daraja la AA. Pale kwetu mafunzo yakaanza: andika maelezo ya kila picha, ongeza tofauti ya rangi, hakikisha mtu anaweza kuzunguka ukurasa kwa kibodi peke yake. Niliifanya kazi hiyo kwa moyo, maana asiyeona ana haki ya kusikia ukurasa kama mimi ninavyouona. Lakini katika mafunzo yote sikusikia mtu akiuliza kama kilichoandikwa ni cha kweli. Programu ya kusomea skrini ingemsomea kipofu tarehe 15 Mei kwa matamshi safi kabisa. Uongo unaosomeka vizuri bado ni uongo.

Ninachodai si kikubwa. Kila tovuti ya idara iwe na mtu mmoja mwenye jina, na saa zake za kulipwa ziandikwe kwenye bajeti ya kila mwaka, hata kama ni nne tu kwa wiki. Kila ukurasa uwe na mstari chini: umekaguliwa lini na nani. Tovuti mpya isiwashwe kabla ya ile ya zamani kuzimwa au kuelekezwa. Na idara isiyoweza kutunza kurasa 200 iwe na 12. Kumi na mbili za kweli zinamfikisha mtu kwenye sare ya uuguzi. Mia mbili za kukisia zinamrudisha kwenye zamu ya usiku.

Nawe unayesoma, huenda ndiye "kijana wa IT" wa ofisi yako, Mikocheni au Eldoret, na wiki ijayo utaitwa ujenge tovuti ya idara, taasisi, au ya shirika la mjomba. Kabla hujataja bei, uliza swali moja: mwezi wa kumi na tatu nani ataitunza, na atalipwa nini? Wakicheka, andika swali hilo kwenye mkataba. Wakikataa kuliandika, ujue umeitwa kupamba keki.

Sitajitoa kwenye lawama. Usiku wa siku ile nilirudi ofisini bila kuandikisha saa, nikaketi kwenye kompyuta, nikaanza kuzielekeza anwani za zamani moja baada ya nyingine. Nilimaliza kabla ya alfajiri. Zile siku tatu nilizonyimwa zilikuwa usiku mmoja. Ningeweza kuutoa miezi kabla, na sikuutoa, kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa si kazi yangu na neno hilo lilinifaa.

Asubuhi ile, kabla hajaondoka, yule dada alirudisha karatasi zake kwenye bahasha moja moja, akatoa daftari. Alifuta 15 Mei kwa mstari mmoja wa kalamu, akalisukuma daftari kwangu chini ya kioo cha dirisha.

"Niandikie hapa tarehe ya mwaka ujao," akasema. "Kwa mkono wako. Na jina lako chini, ili nikija nijue ni nani aliniambia."

Nikaandika, nikatia jina. Katika chuo kizima, huo ndio ukurasa pekee ninaoujua uliokuwa na jina la mtu wa kuuliza.