Mbio za Sakafuni: Kanzidata za Kumbukumbu na Hatima ya Msamiati

Mbio za sakafuni, wahenga walinena, huishia ukingoni. Methali hii ina funzo kwa vyama vya Kiswahili vinavyonuia kuhifadhi msamiati katika tarakilishi na kuutolea kamusi mtandaoni. Aghalabu wataalamu hushauri itumike kanzidata inayokaa katika kumbukumbu ya tarakilishi badala ya diski, ili mtumiaji ajibiwe papo hapo. Ushauri huo una mashiko, ila ukipokelewa bila kuhojiwa utazaa majuto.

Kasi yenyewe si porojo. Kusoma data kutoka kumbukumbu huchukua takriban nanosekunde 100, ilhali kichwa cha diski ya sumaku huhitaji milisekunde kadhaa kufika panapotakiwa. Tofauti hiyo ni ya makumi ya maelfu.

Hata hivyo, umeme ukikatika, yaliyomo katika kumbukumbu hutoweka. Memcached, iliyobuniwa mwaka 2003, haikukusudiwa kuhifadhi kitu cha kudumu. Redis, iliyoanzishwa na Salvatore Sanfilippo mwaka 2009, yaweza kunakili data kwenye diski kwa njia mbili: kupiga picha ya data yote kila baada ya muda, au kuandika kila badiliko katika daftari. Picha ikipigwa kila saa, kazi ya saa nzima imo hatarini. Daftari likifikishwa diskini kila sekunde, kazi ya sekunde moja hivi yaweza kupotea. Kwa tovuti ya michezo, hasara hiyo yavumilika. Kwa neno lililonukuliwa kinywani mwa mzee wa Siyu au Vanga, ambaye huenda asihojiwe tena, haivumiliki hata kidogo.

Isitoshe, kuna suala la leseni. Mnamo Machi 2024 Redis iliacha leseni yake huria ya awali. Mwezi huohuo wakfu wa Linux Foundation ukatangaza Valkey, iliyochipuka kutokana na msimbo uleule. Mei 2025 Redis ikaongeza tena leseni huria, ya AGPL. Chama kisichosoma mkataba wa programu kinayoitegemea ni sawa na mpangaji asiyemjua mwenye nyumba.

Lililo bora, basi, ni msamiati kuwekwa kwanza katika kanzidata ya diski, mathalani PostgreSQL, na nakala yake kutunzwa mahali pengine. Kumbukumbu ibebe tu nakala ya maneno yanayotafutwa sana. Ikifutika, ijazwe upya. Na kabla ya gharama yoyote, kasi iliyopo ipimwe. Kanzidata ya diski nayo huweka katika kumbukumbu kurasa zinazosomwa mara kwa mara, na kamusi ya maneno 30,000 huenea humo bila taabu. Huenda kasi inayotafutwa tayari ipo.

Msomaji wa kamusi aweza kusubiri kufumba na kufumbua. Neno lililopotea halisubiriki, kwa kuwa halirudi.